Jinsi ya kuiona Achernar, nyota ya buluu ya kusini, ukiwa Lamu au Malindi

Kila mwaka kaskazi ikianza tu kuvuma na watu wakaanza kukaa nje usiku, meseji zinaanza kuingia kwa simu yangu, na karibu zote ni swali moja. "Ile nyota kali iko upande wa Shela, ndio ile ya buluu ulikuwa unaisema?" Na mara nyingi jibu langu huwa hapana, hio ni Suheli, nyota nyengine kali ya kusini, yako iko mkono wa kulia juu kidogo, haijapiga kelele kama hio. Alafu baada ya siku mbili mtu mwengine anauliza hilo hilo. Basi nimeona nikae niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ukiifuata hii hata kama hujawahi kutaja nyota moja kwa jina lake utaipata usiku huo huo.

Nyota yenyewe inaitwa Achernar. Jina limetoka kwa Kiarabu, akhir an-nahr, yaani mwisho wa mto, manake watu wa zamani walichora mto mrefu wa nyota angani na hii ndio imekaa pale mto unapoishia. Ni moja kati ya nyota kumi zinazong'aa zaidi angani kote, kwa hivyo usidhani unatafuta kitu kidogo cha kukodolea macho. Shida yake sio mwanga. Shida yake ni kwamba iko peke yake, hapo ilipo hakuna nyota nyengine kali karibu, hakuna umbo la kushika kama zile tatu zilizopangana mstari, kwa hivyo jicho linaikimbia na kwenda kwa Suheli.

Ndio maana kanuni yangu ni moja na ntairudia mpaka uichoke: usiijue nyota kwa kung'aa kwake, ijue kwa majirani zake.

Vitu unavyohitaji

- Mkono wako. Ngumi na shibiri ndio vipimo vyetu.
- Kujua kibla kiko wapi. Kila mtu wa hapa anajua.
- Saa ya simu.
- Tochi iliyofunikwa na kitambaa chekundu. Kipande cha leso nyekundu kuukuu kinatosha, kikunje mara mbili ukifunge na raba.
- Jamvi au mkeka, shingo inauma ukisimama muda mrefu.
- Darubini ya macho mawili kama unayo au unaweza kuazima. Sio lazima, ni ya hatua ya rangi tu.

Apu ya nyota sijaiweka hapo na nimefanya makusudi. Stellarium ni nzuri sana, mimi mwenyewe ninayo, lakini nakuomba uifungue mwisho, ukishaipata nyota kwa macho yako, uitumie kuhakikisha. Sababu utaiona huko chini kwenye matatizo.

Wakati gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea kabla hata hawajatoka nje. Achernar haiko angani usiku wote mwaka mzima. Inatoka kusini upande wa mashariki kidogo, inapanda mpaka kusini kabisa, alafu inashuka kusini upande wa magharibi, safari nzima ni kama saa kumi na mbili na nusu. Wakati mzuri ni pale imefika kileleni, kusini kabisa. Kwa Lamu saa hizo ni kama hivi:

- Mwanzo wa Agosti: saa kumi na moja na robo alfajiri
- Mwanzo wa Septemba: saa tisa na robo usiku
- Mwanzo wa Oktoba: saa saba na robo usiku
- Mwanzo wa Novemba: saa tano na robo usiku
- Mwanzo wa Desemba: saa tatu na robo usiku
- Mwanzo wa Januari: saa moja na robo usiku

Malindi ongeza dakika tatu, si kitu. Katikati ya mwezi piga hesabu ya kati: kila siku inawahi dakika nne, kila mwezi saa mbili. Februari ukitoka magharibi ishaingia utaikuta imeshaanza kushuka kusini magharibi lakini bado iko juu vizuri. Aprili na Mei iache, inakuwa angani mchana pamoja na Jua, na masika yenyewe hayakupi anga.

Tizama hio ya Agosti vizuri. Wale mnaoamka kwa sala ya alfajiri, mwanzo wa Agosti mkitoka nyumbani kwenda msikitini nyota hii iko kusini kabisa mbele ya macho ya yeyote anayegeuka, na kusi wakati huo inaanza kulegea. Mimi mara ya kwanza kuiona kwa uhakika ilikuwa alfajiri, sio jioni, nilikuwa natoka Mkomani, taa za mtaa wote zimekatika, na nikaiona imekaa juu ya paa la jirani peke yake kabisa.

Lakini kwa mtu anayeanza nasema Desemba na Januari. Vuli imeisha au inaisha, kaskazi imekausha anga, na saa zenyewe ni za watu kuwa macho, hata watoto unaweza kuwatoa.

Alafu mwezi. Mbalamwezi inaosha kila kitu. Kama unafuata tarehe za Kiislamu hesabu ni rahisi: kuanzia tarehe 21 hivi mwezi unachelewa kutoka mpaka baada ya saa nne usiku, na kuanzia mwandamo mpaka tarehe 4 unazama mapema. Siku hizo ndio zako.

ONYO, na hili nataka lisomwe na kila mtu anayekwenda ufukweni: giza la mwezi ndio wakati wa bamvua. Maji yanatoka sana na yanajaa sana, na ile njia ya pwani kati ya mji na Shela maji yakijaa inafunikwa. Usiende tu kwa sababu ulipokwenda ulipita kwa mchanga mkavu, ukikaa saa tatu unarudi maji yako kiunoni, na ni usiku. Angalia jedwali la maji au muulize mvuvi yeyote kabla hujatoka, na mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda.

Hatua

1. Pima mkono wako mchana. Usiruke hatua hii, ni dakika tano tu. Tafuta ukuta, weka alama mbili zilizoachana mita moja, alafu rudi nyuma mpaka uwe mita 5 na sentimita 70 kutoka ukutani. Kutoka hapo ulipo zile alama mbili ziko digrii 10 moja na nyengine. Sasa nyoosha mkono mpaka mwisho, kiwiko kisikunjike, funga ngumi, funga jicho moja, uone kama ngumi yako inajaza hio nafasi. Kwa watu wengi inajaza. Alafu weka alama ya tatu iwe mita mbili kutoka ya kwanza, hizo ni digrii 20, na upime kwa shibiri, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, vidole vimetanuka kabisa.

Watoto pia, usiseme mkono wao mdogo. Mkono wa mtoto ni mfupi na ngumi yake ni ndogo, vinakwenda pamoja. Binti wa jirani yangu ana miaka kumi na moja, shibiri yake iliingia kwenye alama sawasawa kuliko yangu mimi, mimi nilikuwa nakunja kiwiko bila kujijua.

Na usione ni mchezo wa kitoto. Manahodha wa bahari hii walipima urefu wa nyota kwa kamali, kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo, fundo unaling'ata kwa meno ubao unausukuma mbele mpaka ukae kati ya upeo wa bahari na nyota. Ni kazi ile ile, kitu cha kipimo unachokijua kikiwa umbali unaoujua kutoka kwa jicho.

2. Chagua mahali. Achernar ikiwa kileleni iko juu digrii 35 ukiwa Lamu, 36 ukiwa Malindi, kwa hivyo hata juu darini katikati ya mji unaweza kuiona bora tu nyumba ya upande wa kusini isiwe refu kukupita. Ila jirani yake mmoja, Suheli, iko chini zaidi na ukitaka kuhakikisha utahitaji kusini na mashariki pawe wazi.

Lamu mimi napenda Shela, ukishapita hoteli za mwisho na kuelekea kwenye matuta ya mchanga, hapo mbele yako ni bahari tupu na giza. Kipungani ni giza zaidi lakini kufika usiku ni shughuli. Pale pwani mbele ya mji si pazuri, unaangalia Manda, ni mashariki, na taa ziko machoni. Malindi, kando ya nguzo ya Vasco da Gama unapata kusini lakini taa za hoteli zinasumbua, ukiweza teremka upande wa Mayungu.

3. Yape macho dakika ishirini. Ukitoka ndani kwenye taa huoni kitu. Kaa. Usiangalie simu. Mtu akikuonyesha kitu kwenye skrini hata kwa sekunde kumi unaanza upya. Tochi ni ile yenye leso nyekundu tu, na uielekeze chini.

4. Tafuta kusini kwa kibla. Hii ndio zawadi yetu watu wa mwambao huu na wengi hawaijui. Makka iko karibu kaskazini kabisa kwetu. Kutoka Malindi kibla kinakosana na kaskazini kwa chini ya digrii moja, kutoka Lamu ni kama digrii mbili na nusu tu kuelekea magharibi. Yaani kila mihrabu ya mji huu ni dira. Simama kama unayeelekea kibla, alafu geuka nyuma kabisa. Unapoangalia sasa ni kusini. Huhitaji dira wala simu.

Ukiwa ufukweni na hujui kibla sawasawa, tizama kibla cha msikiti ulio karibu mchana ule ule, weka alama kwa kitu, mnazi au boya au nini, usiku utakuta alama yako ipo.

5. Panda ngumi tatu na nusu. Nyoosha mkono, weka ngumi ya kwanza juu ya upeo wa bahari, ya pili juu yake, ya tatu juu yake, alafu nusu. Kama umetoka saa zile nilizoandika pale juu, mbele ya kidole chako kuna nyota moja, nyeupe yenye baridi fulani, na kuizunguka hakuna ya kulingana nayo. Hio ndio unayoishuku. Bado usiseme umeipata.

Kosa la kawaida hapa: watu wanaanzia ngumi kwenye miti au kwenye mapaa badala ya upeo. Upeo ni pale bahari inapokutana na anga, mnazi unakuongezea ngumi nzima bila kujua.

6. Iulize majirani zake. Hii ndio hatua kubwa, tulia hapa.

Achernar imekaa katikati ya nyota mbili kali, karibu mstari mmoja, na umbali wake kwenda kwa kila moja ni digrii 39, yaani shibiri mbili kasoro kidogo kila upande. Mkono wa kushoto, upande wa mashariki, ni Suheli, ambayo vitabu vya kizungu vinaiita Canopus, nyota ya pili kwa mwanga angani kote. Mkono wa kulia, upande wa magharibi na juu zaidi, ni Fam al-Hut, mdomo wa samaki, wao wanaandika Fomalhaut.

Kwa hivyo: weka kidole gumba kwenye nyota unayoishuku, tanua shibiri kuelekea kushoto, pale kidole cha mwisho kilipofika shikilia kwa jicho, weka shibiri ya pili. Unatakiwa ufikie nyota kali kuliko ile ulioanzia. Mwanzo wa Desemba saa tatu na robo Suheli bado iko chini, ngumi moja na robo tu juu ya bahari, ndio maana nikasema mashariki pawe wazi. Rudi kwenye nyota yako, shibiri mbili kulia, unatakiwa ufikie Fam al-Hut. Zote mbili zikikubali, umeipata.

Sasa mtego wenyewe, na mimi mtego huu ulinishika msimu mzima, nilikuwa naonyesha watu Suheli nawaambia ni Achernar na nilikuwa na uhakika kabisa kwa sababu shibiri zilikubali. Suheli nayo ina majirani wawili wa shibiri mbili! Upande mmoja ni Achernar yenyewe, na upande wa pili ni Shira, wao wanaiita Sirius, ile iliyotajwa kwenye Surat An-Najm, ambayo ni kama digrii 36 kutoka Suheli. Kwa mkono wako huwezi kutofautisha 36 na 39. Kwa hivyo ukishapima jiulize swali moja zaidi: jirani wa pembeni ni nani? Kama ni nyota kali kuliko zote angani, na karibu yake ziko zile tatu zilizopangana mstari, basi hapo katikati uko kwa Suheli, songa shibiri mbili kuelekea kulia ndio utafika. Kama jirani wa kulia ni nyota ya wastani imekaa kwenye anga tupu lisilo na chochote, hio ni Fam al-Hut na wewe uko mahali sahihi.

Januari saa tatu na robo usiku kuna picha nzuri ya kukusaidia: Achernar na Suheli zinakuwa karibu urefu mmoja, kama ngumi tatu kila moja, Suheli kushoto upande wa kusini mashariki, Achernar kulia upande wa kusini magharibi. Ukiona mbili zimesimama hivyo kama taa mbili za gati, ya kushoto ndio inayong'aa zaidi. Usiidhulumu ya kulia.

7. Itizame rangi. Watu wanatoka nje wakitarajia buluu ya bahari ya Shela saa sita mchana, alafu wanavunjika moyo. Rangi ya nyota ni ya upole. Utaiona kwa kulinganisha. Geuka mashariki, Desemba na Januari jioni kuna nyota mbili nyekundu nyekundu zinazopanda, Aldebaran na Betelgeuse, hio ya pili iko karibu na zile tatu za mstari. Iangalie moja kati ya hizo kwa muda, rangi ya kaa linalozima, alafu rudi haraka kwa Achernar. Hapo ndipo utasema ah, kumbe.

Kama una darubini ya macho mawili, ielekeze kwenye nyota alafu zungusha ile roda ya katikati mpaka nyota ivurugike iwe duara dogo la mwanga. Watu hawaamini kuharibu picha kunasaidia, lakini mwanga ukitandazwa rangi inajitokeza wazi. Egemeza viwiko kwenye magoti au ukutani, na usijaribu ukiwa ndani ya mashua, haitulii.

Kwa nini buluu? Joto. Uso wa Achernar ni kama digrii 15,000, Jua letu ni 5,500 hivi, na kitu kikizidi kuwaka kinatoka kwenye wekundu kwenda weupe mpaka ubuluu, fundi wa kuchomea vyuma atakwambia. Ni nyota changa, ina makumi ya mamilioni ya miaka wakati Jua lina miaka bilioni 4.6, ni nzito kama Jua mara sita na inatoa mwanga mara elfu tatu hivi. Na inajizungusha kwa kasi ambayo mimi kila nikiifikiria nanyamaza: mara moja kwa siku moja na nusu hivi, Jua dogo linachukua kama siku 25. Kwa kasi hio imevimba katikati na kubonyea juu na chini kama boga. Mwaka 2003 wataalamu waliipima kwa darubini za Paranal kule Chile ndio ikajulikana imebonyea kiasi gani, na vipimo vya baadaye vinasema upana wake unazidi urefu kwa kama theluthi.

Iko mbali miaka ya mwanga kama 140. Mwanga unaouona leo umetoka huko kabla reli ya Mombasa haijaanza kujengwa mwaka 1896.

Na kwa watu wa Malindi, mnapofikiria nyota za moto msisahau kilichotoka kwenu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini pale Ngomeni, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani peke yake. Baadhi ya vitu ilivyovichunguza ni nyota za buluu zenye moto zinazonyonywa na mwenzake mdogo mzito. Watoto wa Malindi wangefundishwa hilo darasani ningefurahi sana.

8. Kama anga ni jeusi kweli, shuka ngumi moja na nusu. Chini ya Achernar, kidogo mkono wa kulia ikiwa kileleni, kuna kipande cha ukungu mdogo usiosogea. Si wingu la mvua. Ni Wingu Dogo la Magellan, kundi zima la nyota nje ya kundi letu, miaka ya mwanga kama 200,000. Usiliangalie moja kwa moja, angalia pembeni yake kidogo, ukingo wa jicho unaona giza vizuri zaidi. Mjini hutaliona, Shela ukitoka kwenye taa utaliona.

Ukikwama

*Naona nyota inametameta nyekundu, kijani, buluu, ndio yenyewe?* Karibu kila mara hio ni Shira au Suheli ikiwa chini karibu na upeo. Hewa nzito ya baharini inavunja mwanga. Achernar ikiwa juu ngumi tatu inatulia. Ukitaka kuamua rangi ya nyota yoyote subiri ipande.

*Nyota yangu haimetimeti kabisa na inang'aa kupita zote.* Hio ni sayari, Zuhura au Mushtarii. Na sayari haziendi kusini kiasi hicho, zinapita njia ya Jua na mwezi juu ya vichwa vyetu. Kama kitu kiko ngumi tatu juu ya kusini kabisa, sayari ishatoka kwenye hesabu.

*Nyekundu, haisogei, iko chini.* Mnara wa simu. Subiri nusu saa, nyota itasogea, mnara utabaki.

*Apu inanionyesha upande mwengine, au inasema iko chini ya ardhi.* Ndio sababu nilisema uifungue mwisho. Dira ya simu inadanganywa na chuma, nondo za dari, spika, hata kava lenye sumaku. Desemba iliyopita tulikuwa darini na kijana mmoja alikuwa ameshikilia kwamba Achernar iko juu ya Manda, yaani mashariki, kwa sababu simu imesema, na alikuwa ameegemea nguzo ya chuma ya antena. Alipotoka hapo hatua nne na kuizungusha simu hewani kama anayeandika namba nane mara tatu nne, mshale ukarudi kusini wenyewe. Angalia pia kama lokesheni imewashwa na saa ya simu iko sawa.

*Niko kwenye ile saa ulioandika, nimepanda ngumi tatu na nusu, hakuna kitu.* Kwanza kagua mwezi wa kalenda, watu wengi wanasoma mstari wa Desemba na wako Novemba. Pili simu nyengine zinaandika 21:15, hio ndio saa tatu na robo usiku, nimewahi kupigiwa simu na mtu alietoka nje saa tisa. Tatu, pima upya upeo.

*Suheli siioni.* Ikiwa mapema Desemba bado haijapanda vya kutosha au kuna wingu chini baharini, ambalo kwa kaskazi ni kawaida. Tumia Fam al-Hut peke yake, alafu subiri saa moja nyengine ndio upime upande wa kushoto.

*Msalaba wa Kusini uko wapi, nilisoma unaonyesha kusini.* Jioni za Desemba haupo, unatoka usiku wa manane kuelekea alfajiri. Una nyota zake za buluu nzuri sana lakini hio ni safari ya mwezi wa tano. Kwa Achernar usiungoje.

*Mawingu yamefunga.* Rudi kesho, na uje dakika nne mapema.